Chai ya viputo na muhogo wa Toi

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, na jiji la Nairobi halijawahi kuwakosoa. Kila baada ya miaka michache huingia kitu kipya kinachowafanya vijana wapange foleni na wazee watikise vichwa. Siku hizi ni zamu ya kinywaji ambacho mabango hukiita, kwa Kiingereza, bubble tea. Ni chai baridi yenye maziwa na sukari tele, inayotiwa katika bilauri ya plastiki yenye kifuniko na kunyonywa kwa mrija mnene. Chini ya bilauri zimelala punje nyeusi laini ambazo mnywaji hupanda nazo mrijani akazitafuna. Huuzwa katika majumba ya biashara na mikahawa ya mitaa ya wenye nacho, na bei ya bilauri moja ni mamia ya shilingi.

Sina ugomvi na kinywaji chenyewe wala na wanaokipenda. Nia yangu katika makala haya ni kuuliza swali ambalo mwalimu yeyote anaweza kulipeleka darasani kesho asubuhi: ndani ya bilauri ile mna nini, na mnunuzi analipia nini hasa?

Sehemu ya kwanza ya swali ina jibu fupi. Mna chai na mna muhogo. Zile punje nyeusi hutengenezwa kwa wanga wa muhogo. Yaliyobaki ni maziwa, sukari, maji na barafu. Zipo aina zinazotiwa maji ya matunda badala ya maziwa, na zipo punje za vitu vingine, lakini asili ni hiyo: jani la chai na mzizi wa muhogo.

Sasa tuondoke katika majumba ya vioo twende Soko la Toi. Soko hili limejibana kati ya Kibera na Barabara ya Ngong, karibu na Adams Arcade, na wanaolitegemea hutoka Makina, Kawangware na mitaa mingine ya jirani. Wengi hulijua kwa nguo na viatu vya mitumba, lakini kando ya marobota hayo kuna mboga, matunda, nafaka na vibanda vya chakula. Humo mpishi huchemsha majani ya chai pamoja na maziwa katika sufuria moja, na mteja hupata kikombe kwa shilingi chache. Muhogo nao una wateja wake katika masoko ya namna hii: kuna ulio mbichi ungali na udongo, uliochemshwa kwa ajili ya kifungua kinywa, na uliokaangwa ukatiwa pilipili na ndimu. Kwa ufupi, vitu viwili vinavyoipa bilauri ile umaarufu wake viko sokoni, kwa bei ambayo kibarua wa mjengo anaimudu.

Basi kati ya kikombe cha Toi na bilauri ya jumba la kifahari kuna mambo mawili yaliyoongezwa. La kwanza ni ufundi na la pili ni jina. Hayo mawili ndiyo mnunuzi anayoyalipia.

Tuanze na ufundi kwa kuwa hauna siri kubwa. Muhogo humenywa, ukaoshwa na kukunwa. Kilichokunwa huchanganywa na maji, kikakamuliwa na kuchujwa kwa kitambaa. Yale maji meupe huachwa yatuame, na baada ya saa kadhaa wanga huzama chini, maji ya juu yakamwagwa, na wanga ukaanikwa hadi ukauke. Karibu robo ya uzito wa muhogo mbichi ni wanga. Kisha wanga huo hukandwa kwa maji moto yenye sukari ya rangi ya kahawia, ukaviringwa kuwa vipunje, vikachemshwa hadi vikawa laini na vyenye kung'aa. Muhogo, hasa ule mchungu, una kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi, na ndiyo sababu bibi zetu waliuloweka, wakauanika na kuupika ukaiva sawasawa. Kuukuna, kuuosha, kuuchuja na kuuchemsha ni kazi ya ukoo huohuo. Mama yeyote wa Pwani aliyewahi kukalia mbuzi akakuna nazi na kukamua tui anazifahamu hatua hizi kwa mikono yake mwenyewe.

Jina lina kisa kirefu zaidi. Kinywaji hiki kilizaliwa Taiwan katika miaka ya 1980. Mikahawa miwili, Chun Shui Tang wa mji wa Taichung na Hanlin wa mji wa Tainan, ilishindania sifa ya kukivumbua, na kesi yao ikachukua takriban miaka kumi. Ilikwisha mwaka wa 2019 bila mshindi, kwa kuwa kinywaji hakikuwa na hataza na yeyote aliruhusiwa kukitengeneza. Msomaji aliye Kibera au Kawangware na ashike jambo hilo: hakuna sheria ya uvumbuzi inayomkataza kukoroga chai yake na kuitia punje.

Kwa Kichina kinywaji hiki huitwa chai ya maziwa ya lulu. Neno bubble la Kiingereza, ambalo sisi tungelitafsiri kuwa kiputo, inaelezwa kwamba halikutokana na zile punje. Lilitokana na povu linalopanda chai inapotikiswa kwa nguvu pamoja na barafu, kwani kabla ya punje kutiwa kulikuwako tayari chai ya povu. Leo wanywaji wengi hudhani punje ndizo viputo. Ndivyo maneno yanavyosafiri: hufika ugenini yakiwa yamesahau kwao. Tena povu la chai si jambo geni kwetu. Muuza chai anayeinua kikombe kimoja juu na kukimimina ndani ya kingine ili chai ipoe haraka hutengeneza viputo vingi tu, na hajawahi kuvitoza ada.

Hata neno chai ni msafiri. Wanaisimu hupenda kuzigawa lugha za dunia katika makundi mawili kwa neno hili. Lugha zilizoipokea chai kwa meli za Waholanzi kutoka pwani ya Fujian zilichukua lahaja ya huko, na ndipo tukapata tea ya Kiingereza na thé ya Kifaransa. Zilizoipokea kwa njia nyingine zilichukua cha, neno lililopita Uajemi likawa chai, nalo likatufikia kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Tulipolipokea tulilipa kazi yetu. Kunywa chai nchini Kenya ni kustaftahi, hata kama kikombeni mna uji. Na anayeombwa chai na askari barabarani anajua fika kwamba sufuria haihitajiki. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba nayapiga vita maneno ya mkopo. Lugha isiyokopa ni lugha isiyotembea. Hoja yangu ni jinsi jina linavyoweza kuficha mali ya mtu mbele ya macho yake.

Walimu wa Kiingereza wana mfano mzuri wa jambo hili. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka wa 1066, watawala walisema Kifaransa na wakulima wakasema lugha yao ya zamani. Matokeo yake ni kwamba hadi leo ng'ombe wa Mwingereza huitwa cow akiwa malishoni na beef akiwa mezani. Jina la kwanza ni la mfugaji na jina la pili ni la mlaji. Muhogo umepatwa na hayohayo. Ukiwa shambani Busia au Kilifi, na ukiwa juu ya gunia sokoni, ni muhogo. Ukiisha kuchujwa, kukaushwa na kutiwa katika pakiti, huitwa tapioca. Neno hilo nalo asili yake ni lugha ya Kitupi ya wenyeji wa Brazili, waliokuwa na ufundi huo wa kukamua na kutuamisha kabla Mzungu hajafika kwao. Nimekuwa nikiwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza tapioca ni nini. Wengi huniambia ni aina ya nafaka ya ng'ambo. Hao ni vijana waliokula muhogo tangu utotoni.

Mfano mwingine uko katika michezo. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani siku hizi kuna kumbi ambazo watu wazima hulipa kiingilio ili wacheze miongoni mwa mapovu ya sabuni, mipira na taa za rangi, wakapigwa picha na kuondoka. Mtoto wa Kiafrika anaujua mchezo huo kwa gharama ya sabuni ya kufulia na kikonyo cha jani la mpapai, ambacho kina uwazi ndani kama mrija. Sabuni ni ileile na kiputo ni kilekile. Mwenye ukumbi ameongeza paa, mpangilio na jina, na kwa hayo analipwa. Simwonei kijicho. Nataka tu tuitazame hesabu yake.

Muhogo wenyewe haukuanzia Afrika. Wareno waliuleta kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16, nasi tukaupokea kwa mikono miwili hata Afrika ikawa leo inazalisha zaidi ya nusu ya muhogo wa dunia, Nigeria ikiongoza. Lakini katika biashara ya kuuza wanga wa muhogo nje, Thailand ndiyo inayotajwa kwanza. Sisi tunalima na kula, wao wanachakata na kuuza. Sehemu ya sababu ni historia. Maafisa wa kikoloni waliwashurutisha watu katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki wapande muhogo kama akiba ya njaa, na zao lililoingia kwa amri ya njaa likabaki na sifa ya njaa. Mpaka leo wapo wazazi wanaoona haya mgeni akiwakuta na muhogo mezani. Maadam jina linanuka umaskini, hakuna anayekimbilia kulitia katika bango. Likibadilishwa kuwa la kigeni, aliyeona haya jana hupanga foleni leo.

Kisa cha chai kinafanana na hicho, ila chenyewe kimeingia katika hazina ya taifa. Chai ilipandwa nchini kwa mara ya kwanza Limuru mwaka wa 1903, na mashamba makubwa ya biashara yakaanza katika miaka ya 1920. Mwafrika kwa muda mrefu alikuwa kibarua tu katika mashamba hayo. Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 ndio uliomfungulia mkulima mdogo mlango wa mazao ya biashara, na shirika la KTDA likaundwa mwaka wa 1964. Leo Kenya ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje chai nyeusi, na mnada wa Mombasa huuza chai ya nchi kadhaa za kanda hii. Lakini sehemu kubwa ya chai hiyo huondoka bandarini katika mifuko mikubwa, bila jina, ikitambulishwa kwa herufi za daraja kama PF1. Ikifika ng'ambo huchanganywa na nyingine, ikatiwa katika pakiti ndogo zenye picha, na mojawapo ya majina inayopewa ni English Breakfast. Mchumaji wa Kericho akiisoma pakiti hiyo hatajiona popote. Jani ni lake, na kifungua kinywa kimekuwa cha Mwingereza.

Atatokea msomaji aseme, je, mwanaisimu huyu anataka kutuaminisha kwamba tukibadilisha majina tutatajirika? La hasha. Jina bila kazi ni debe tupu. Wanga safi unahitaji maji safi mengi, umeme usiokatika, mashine ya kukuna, mahali pa kukaushia na mtaji wa kusubiri wateja. Chai iliyopakiwa inahitaji masoko na matangazo. Vilevile wapo wanunuzi ambao hulipa kwa sababu jina ni la kigeni, na ukiliandika kwa Kiswahili watavuka barabara. Ninachosema ni kwamba jina na kazi huandamana. Mtu asiyejua kwamba tapioca ni muhogo hawezi hata kuota kuitengeneza. Kwanza ajue alicho nacho, ndipo aulize bei ya mashine.

Tena Toi yenyewe imeshatuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Nguo kuukuu kutoka Ulaya na Marekani zilipoanza kumiminika hapa, hazikuwa na jina la Kiswahili. Wachuuzi walitazama namna zilivyofungwa wakaziita mitumba, yaani marobota. Leo neno hilo liko katika hotuba za mawaziri, katika mijadala ya kodi, na hata katika Kiingereza cha magazeti yetu. Wachuuzi hao hawakungoja kamati ya istilahi. Tena hawakuishia katika jina. Waliweka madaraja, na nguo bora ya chaguo la kwanza wakaiita kamera. Mafundi wakaketi na vyerehani kando ya marobota, wakapunguza viuno na kubadilisha vifungo, suruali ya mtu mnene wa ng'ambo ikamkaa barabara kijana mwembamba wa Kawangware. Kitu kigeni kiliingia, kikapewa jina, kikaongezewa kazi, kikalisha familia. Mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa mitumba mwenyeji alipona kiasi, ingawa wenye viwanda vya nguo nchini wana malalamiko yao ya haki.

Ikiwa hivyo ndivyo, kwa nini kibanda cha Toi hakijatia lulu za muhogo katika chai yake? Nadhani jibu zito halihusu ladha. Linahusu ardhi tunamosimama. Ufundi mpya hutaka mtu awekeze leo avune mwakani, na mchuuzi wa Toi hana hakika ya mwakani. Soko hili liliteketea katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Liliteketea tena mwaka wa 2019, na Oktoba 2024 moto mwingine ukaangamiza maisha ya watu pamoja na mali. Kila mara wachuuzi wamerudi juu ya majivu wakapigilia mabati. Ustahimilivu huo tunausifu sana katika hotuba, lakini mtu anayejenga kibanda chake upya kila baada ya miaka michache hawezi kununua mashine ya kuchakata wanga. Atanunua sufuria, kwa kuwa sufuria hubebeka moto ukizuka. Serikali ya kaunti ikitaka kuona ubunifu wa vijana, ianze na mambo yasiyo na mapambo: hakikisho la mahali, njia ya kupitia gari la zimamoto, bomba la maji na nyaya za umeme zilizofungwa na mtu anayeijua kazi.

Sisi walimu nasi tuna letu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, unatutaka tumfunze mtoto kutenda na si kukariri tu. Nipe mzizi mmoja wa muhogo na kikombe kimoja cha chai, nami nitakuonyesha masomo mengi. Mwalimu wa sayansi atatuamisha wanga na kueleza sianidi. Mwalimu wa jiografia atachora safari ya muhogo kutoka Brazili na ya chai kutoka China. Mwalimu wa biashara atahesabu tofauti ya bei kati ya gunia na bilauri, mstari kwa mstari. Mwalimu wa afya atauliza ni vijiko vingapi vya sukari vinavyoingia humo, na ni swali la busara, kwa maana kinywaji hiki hakifai kugeuzwa mazoea ya kila siku. Mwalimu wa Kiswahili ndiye atakayeuliza: tukiite nini?

Swali hilo si la mchezo. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini lugha haiwi rasmi kwa ibara peke yake. Huwa rasmi inapotaja vitu ambavyo watu wanavigharamia. Wengine watapendekeza chai ya viputo. Ni tafsiri ya Kiingereza, na tumeona kwamba Kiingereza chenyewe kiliteleza. Wengine watasema chai ya muhogo, jina lenye ukweli ingawa mfanyabiashara atalikwepa kwanza. Mimi naegemea chai ya lulu. Linafuata jina la waliokibuni, na neno lulu tumekuwa nalo katika Kiswahili tangu kale. Zile punje tuziite lulu za muhogo, ili anayezitafuna ajue zilikochimbuliwa. Lakini neno la mwisho ni la wasemaji, kama ilivyokuwa kwa mitumba. Huenda mchuuzi mmoja wa Makina ana jina bora kuliko langu, na likivuma nitaliingiza katika mihadhara yangu kwa furaha.

Kijana anayenunua bilauri ile na ainywe kwa raha zake. Akimaliza, ageuze kifuniko, asome kilichoandikwa, kisha ajiulize ni nani aliyelima, ni nani aliyechuja, na ni nani aliyetia jina. Akikuta kwamba wa kwanza ni mjomba wake, na wa pili na wa tatu wako mbali ng'ambo ya bahari, atakuwa amepata somo la uchumi kwa bei ya chai. Kazi yetu walimu ni kuhakikisha kwamba haishii hapo, na kwamba anapotoka darasani na wazo lake, kuna meza moja Toi anakoweza kuliweka bila kuhofia moto wa usiku.